Msumeno Alioupenda Fundi Hasani

Asubuhi ile Fundi Hasani alimwaga vifaa vyake barazani kwa Mzee Gwakisa, kwenye mtaa wa nyumba zilizojengwa na wazungu wa mradi wa karanga pale Nachingwea, akaanza kuchagua. Nyumba kuukuu haitaki kifaa chochote tu. Aliweka kando nyundo ya kung'olea misumari, mtarimbo mfupi, randa, na msumeno wa mkono wenye mpini wa mpingo aliouchonga mwenyewe. Ukutani, ndani ya sanduku lake la plastiki, kulikuwa na msumeno wa umeme ambao Gwakisa aliununua Dar es Salaam. Hasani aliutupia jicho la wizi. Hakuwahi kushika mashine kama ile, na mkono ulimwasha.

Gwakisa alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Tukuyu. Mwaka ule wa 2002 alikuwa ameuziwa nyumba aliyokuwa akiishi, na Jumamosi alitarajia wageni wa posa ya binti yake. Sakafu ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa.

"Sitaki wakwe zangu watumbukie," alisema, akachukua mwavuli wake akaenda ofisini.

Ubao wa kwanza ulipoinuka sebuleni, bibi kizee alitoka chini yake, akakung'uta udongo magotini, akaomba maji. Alisema anaitwa Mwantumu, na kwamba angependa kujua shamba lake la mtama limepelekwa wapi. Hasani alimpa maji, akamwonyesha benchi la barazani, akarudi kwenye misumari. Chini ya ubao uliofuata walikuwapo mtu na mkewe, wakiulizana kisima kiko upande gani. Kufikia mchana benchi lilikuwa limejaa, na mke wa Gwakisa alikuwa ameongeza maji kwenye sufuria ya uji.

Hasani alikuwa akiwatarajia. Mama yake, Mwamina wa Nkowe, alimweleza tangu utotoni kwamba kijiji chao kilikuwa hapa kabla ya matrekta kuja kufyeka ardhi ya mashamba ya karanga. Watu walipakiwa kwenye malori wakaenda kumwagwa Nkowe, huko Ruangwa, makaburi yakabaki hapa, na nyumba zikajengwa juu yake. Baba yake Mwamina, Mahamudu, alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, na arobaini yake haikusomwa. Mwamina alikuwa msichana mdogo, lakini mzigo ule alijitwisha yeye. Mikorosho ikikauka, mimba ikiharibika, alisema ni baba, hajaniwia radhi. Uzeeni alikuwa amebakiwa na haja moja tu, kusikia neno la radhi kwa kinywa cha baba yake.

"Mahamudu ni jirani yangu," Bi Mwantumu alimwambia Hasani. "Yeye yuko kule jua linakozama. Mtoe polepole, mwanangu."

Upande huo ndiko kulikokuwa na chumba kikubwa cha kulala. Hasani alituma salamu Nkowe kwa dereva wa pikapu, na mama akajibu kwamba anakuja.

Jioni Gwakisa alirudi akawakuta barazani. Aliwaamkia kwa adabu, maana wengi walikuwa wakubwa kwake.

"Nyumba hii umeuziwa na nani?" Bi Mwantumu alimuuliza.

"Na serikali, bibi."

"Na serikali ilinunua ardhi kwa nani?"

Gwakisa aliuning'iniza mwavuli wake, akaingia ndani. Kesho yake aliuchomeka msumeno wa umeme mwenyewe, akamkabidhi Hasani. Ulikata ubao kama mhogo wa kuchemsha. Watu walitoka vilevile, wakajikung'uta, wakaenda kukaa. Midomo yao ilicheza, lakini sauti haikutoka. Gwakisa aliwatazama kitambo, uso ukamkunjuka.

"Huu ndio msumeno wa nyumba hii," alisema.

Hasani aliiweka mashine chini. "Mzee, nakuomba chumba kikubwa nikifanye kwa mkono. Mama yangu anakuja kwa ajili ya baba yake."

"Maliza kwingine kote kabla ya adhuhuri ya kesho, halafu kifanye upendavyo. Ukichelewa namwita fundi Stefano wa Masasi aje na mashine zake."

Basi Hasani alikimbizana na jua. Jiko alilimaliza kwa mashine, na watu wa jikoni wakatoka mabubu, akawaomba samahani mmoja mmoja. Ikabaki korido ya kuendea chumba kikubwa. Angeweza kuifanya kwa mkono, muda ulitosha kidogo. Lakini bega lilimuuma, na ukweli usemwe, mashine ile ilikuwa tamu. Korido si mahali pa kuzika mtu, alijiambia. Hakukumbuka kwamba makaburi yalitangulia vyumba.

Chini ya ubao wa mwisho alitoka mzee mwenye paji la uso la Mwamina na mwanya wa Mwamina. Alimtazama Hasani kwa upendo, akafungua kinywa. Hasani aliuzima msumeno haraka, lakini ukimya ulibaki palepale. Nje pikapu ilipiga honi.

Mwamina aliingia ameshikilia kanga yake kifuani. Alipiga magoti mbele ya mzee.

"Shikamoo, baba. Nimekuja. Niwie radhi."

Midomo ya mzee ilicheza sana. Mwamina alisogeza sikio, akangoja.

"Waliotolewa na mashine hawasemi," Bi Mwantumu alisema kutoka mlangoni.

Mwamina aligeuka. "Wewe umemtoa kwa kipi, Hasani?"

Msumeno wa mkono ulikuwa karibu na mguu wa Hasani. Aliuinua.

"Kwa huu, mama."

Bi Mwantumu aliangalia vumbi la mbao sakafuni, laini kama unga wa sembe, vumbi ambalo hakuna msumeno wa mkono uwezao kulitoa. Akageuka, akarudi kwenye benchi.

"Basi sauti anayo," alisema Mwamina taratibu. "Ila hataki kusema na mimi."

Ingetosha Hasani aseme neno moja tu, kwamba ni mashine. Badala yake aliinama, akaokota misumari.

Jumamosi wakwe walifika, wakaisifu sakafu. Watu wa barazani walikuwa wamehamishiwa nyuma, kwenye banda la kuni, wenye sauti pamoja na wasio nayo, na uji walipelekewa huko. Gwakisa alifurahi akamzawadia Hasani ule msumeno wa umeme.

Mwamina hakurudi Nkowe. Analala bandani, na kila alasiri humpigia magoti baba yake, akaomba radhi, akasogeza sikio. Hasani siku hizi anatengeneza nyumba ya jirani. Ikifika saa hiyo huacha randa, akauchomeka msumeno wa umeme, akakata hata ubao usiohitaji kukatwa, mlio ukimziba masikio, mpaka mama yake amalize.