Ngoma Kwenye Kadi za Kitambaa

Kadi zenyewe zilikuwa ndogo, sawa na kiganja cha mtu mzima. Juu kitambaa chenye picha, katikati sufi iliyochambuliwa vizuri, na chini shiti nyeupe iliyotiwa wanga mpaka ikakakamaa, ili mgeni aweze kuandika kwa wino na kubandika timbri. Nyiraneza, mke wa fundi Harerimana wa mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, ndiye aliyezikaza tabaka hizo tatu kwa mistari ya mishono midogo, sufi isije ikahama. Picha zilikuwa kazi ya Xavérine, mjane kijana aliyekuwa akishuka kutoka milima ya Kanama na kapu lake la nyuzi. Xavérine alitarizi ziwa, migomba, na mlima wenye moshi kileleni. Lakini Wazungu wa hoteli ya ufukweni, waliozituma kadi hizo kwao Ulaya, walipenda zaidi picha moja: ngoma.

Mwaka ule wa hamsini na tisa ngoma ilikuwa imeacha kuwa ngoma tu. Ilikuwa alama ya mfalme, na nchi ilikuwa imegawanyika kati ya waliomtaka mfalme na waliomkataa. Mwezi wa Novemba moto ukawaka milimani. Xavérine aliposhuka na kazi yake wiki ile, moshi ulimfuata nyuma, na jioni mpita njia akaleta habari kwamba nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zilizoteketea. Makundi yalikuwa yanawasaka watu wa ukoo wake, waliohesabiwa kuwa upande wa mfalme. Basi akabaki kwa Nyiraneza, akilala chumba cha ndani, akikohoa ndani ya khanga ili majirani wasimsikie.

Siku ya tatu, Harerimana akiwa sokoni na cherehani yake, mtu alibisha hodi. Nyiraneza alimwonyesha Xavérine chumba cha ndani kwa macho tu, akateremsha pazia, akafungua.

Alikuwa Damascène, mchukuzi wa mizigo wa hotelini. Walijuana. Yeye ndiye aliyekuwa akizipeleka kadi kwa wageni na kurudi na faida yake mfukoni, akicheka. Leo hakucheka. Nyuma yake, uani, walisimama wanaume wawili wenye mapanga, nguo zao zikinuka moshi.

Damascène alitoa kadi moja, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa ya ngoma.

"Mama, hii nani alishona?"

Nyiraneza aliitazama ile kadi. Kamba za ngoma zilikuwa zimesukwa kwa mafundo madogo madogo, yamebanana kama punje za mtama. Ila Xavérine, hakuna mtu mjini aliyekuwa na mkono ule.

"Ni mimi," alisema.

"We peke yako?"

"Mi peke yangu. Bwana yangu anakata kitambaa, mi nashona."

Mmoja wa wale wawili alisogea mlangoni. "Donc we ni mutu ya mufalme?"

"Mi niko mutu ya sindano," Nyiraneza alijibu, na sauti yake mwenyewe ilimfikia kama inatoka nyumba ya pili. "Wazungu wanapenda ngoma. Wangependa mbuzi, ningeshona mbuzi."

Yule mtu hakutabasamu. "Tunaambiwa kuna mwanamuke ya Kanama anashona hizi. Kama ni we, shona tuone."

Damascène akavuta kigoda, akakiweka mbele yake. "Shona, mama."

Nyiraneza alikaa. Alichukua kipande cha kitambaa, akatafuta uzi mweusi. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Aliutia mdomoni kuulowesha, lakini mdomo ulikuwa mkavu kama jivu. Nyuma ya pazia hapakusikika hata pumzi, na kimya kile kilimtisha kuliko kikohozi. Alikuwa akimwomba Mungu jambo dogo kabisa: kifua cha Xavérine kisiwashe.

Hatimaye uzi ulipita. Alichora mwili wa ngoma kwa mshono wa kawaida, akafika kwenye kamba. Yeye alikuwa mtu wa mistari, mafundo hakuyajua. Alijaribu moja, likalegea. Akajaribu la pili, likawa nundu. La tatu lilikuwa baya kuliko yote. Damascène alikuwa ameinama juu ya bega lake, akitazama mkono wake kisha ile kadi ya mezani. Mtu huyu alikuwa ameshika mamia ya kadi zake. Kama kuna aliyejua kutofautisha mikono miwili, ni yeye.

Damascène akachukua kile kitambaa, akakiinua kwenye mwanga. Wale wawili walisubiri.

"Ni mukono yake," alisema. "Anatetemeka tu, bon. Nani hatatetemeka?"

Yule wa mlangoni alinyoosha mkono aone mwenyewe, lakini Damascène alikuwa amekwisha kukikunja na kukitia mfukoni. Wakatoka. Yeye akachelewa kidogo, kama anayefunga mlango, akanong'ona bila kumtazama Nyiraneza: "Hawa watarudi. Huyu mukubwa yao hakuniamini. Mutoke leo, mama, mbele ya jua kushuka."

Mlango ukafungwa. Nyiraneza alibaki kwenye kigoda. Alitaka kuamini kwamba yule mtu amewaokoa, lakini moyo ulimwambia mengine: labda wanataka atoke na mgeni wake barabarani, wakamatwe wote wawili mchana kweupe. Aliinua pazia. Xavérine alikuwa ameketi sakafuni, khanga yote ameijaza kinywani, machozi yakimtoka kwa kuzuia kikohozi.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mama, niache niende peke yangu. Utakufa kwa sababu yangu."

"Utaenda wapi peke yako? Simama. Leta wembe."

Katika sanduku kulikuwa na kadi nyingi za ngoma. Kuzichoma hawakuthubutu, moshi ungewaita watu. Xavérine ndiye aliyepata shauri. Alifumua kamba za ngoma ya kwanza, akaacha mwili wake, kisha juu yake akashona kifuniko kilichochongoka. Ngoma ikawa kapu, kama lile wanalopeleka watu harusini. Walikaa magoti kwa magoti, mmoja akifumua, mwingine akitarizi, na kila mbwa alipobweka mikono yote minne ilisimama.

Walipomaliza, Nyiraneza alimfunga Xavérine baibui lake la pili, akampa sanduku achukue kichwani, wakatoka kama wanawake wa biashara wanaokwenda kuuza Goma. Nyiraneza hakugeuka nyuma, ingawa kisogo kilimwasha kama kimeguswa na kidole cha mtu.

Pale Grande Barrière, kizuizi kikubwa cha mpakani, askari alikuwa ameketi kwenye kivuli, ameinamisha kofia. Pembeni yake walisimama vijana watatu ambao hawakuwa askari, wakiwakodolea macho wapitao. Mmoja alinyoosha mkono.

"Fungua."

Xavérine aliteremsha sanduku. Yule kijana alichukua kadi, akaigeuza, akaibinya sufi kwa kidole gumba. "Hii nini?"

"Kapu," alisema Nyiraneza. "Wazungu wanatuma barua nayo."

"Na huyu?"

"Muke mwenzangu. Hajui kusema sana."

Kijana alimtazama Xavérine usoni, muda mrefu. Hapo ndipo kikohozi kilipokuja. Kilimkunja mwili mzima, kikavu, kibaya, na yule kijana akaruka nyuma, akaitupa kadi sandukuni na kujifuta mkono kwenye suruali.

"Peleka ugonjwa yako huko. Piteni."

Walipita. Walitembea taratibu mpaka walipofika kwenye nyumba za Goma, na hata hapo hawakukimbia. Xavérine alikaa tu chini, kando ya barabara, akakataa kuinuka kwa muda. Binamu ya Harerimana aliyekuwa na duka la vitambaa alimpokea.

Nyiraneza alirudi peke yake, jua likielekea kuzama. Alikuta mlango wake umening'inia kwa bawaba moja. Ndani, mito na magunia yalikuwa yamepasuliwa, sufi imetapakaa mpaka kwenye masufuria. Harerimana alikuwa katikati yake na ufagio, shavu limevimba.

"Walimuulizia mwanamuke ya Kanama," alisema. "Nikasema mi nina muke mumoja, na yeye ameenda sokoni."

"Damascène alikuwa nao?"

"Hakuwa nao."

Hawakumwona tena, hotelini wala ufukweni. Wengine walisema amevuka ziwa. Wengine walisema neno jingine, kwa sauti ya chini. Nyiraneza aliuliza mara moja, kisha akaacha, maana alianza kuogopa jibu. Miezi mingi hakushona kadi. Alimsaidia mumewe kutia vifungo vya mashati, ameketi akiuelekea mlango, na mtu akipiga hodi, hata mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, kwanza aliiweka sindano chini, asije akaambiwa tena ashone.