Hodi Ndani ya Kinanda

Ngo, ngo, ngo. Hodi tatu za mbao ziliingia kwenye hedifoni zangu penye pumziko fupi, katikati ya kipande kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi. Nikauma meno. Tangu asubuhi ubao mmoja wa kinanda ulikuwa ukigongagonga, nikadhani ni ule ule.

Baba mdogo alikuwa mle ndani ya kinanda. Kwa miaka thelathini ndiye aliyekitunza kinanda cha kanisa kuu, mabomba elfu mbili na ushee, na aliyagombeza kama watoto watukutu. Bomba moja lilikuwa limeanza kulia lenyewe bila kuguswa, basi akajitolea kujibana humo alizibe kwa kiganja wakati tukirekodi. Alivua viatu visije vikalia.

"Mimi na huyu mkorofi tunajuana," alisema. "Wewe shughulika na mashine zako."

Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza na kichwa kilikuwa kimenivimba. "Baba mdogo, hata kukohoa usikohoe mpaka taa nyekundu izimike."

"Sawa, bosi." Akacheka, akaingia.

Baada ya zile hodi zilibaki dakika nne. Mpiga kinanda alikuwa amekolea kwelikweli, na sikuwa na moyo wa kumkatisha. Mlio wa mwisho ulipofifia darini niliinua mkono watu wote watulie, maana sisi warekodi huchukua pia dakika moja ya ukimya wa jengo, ya kukatia viraka vya kufunika kelele baadaye. Nikakodolea macho saa yangu. Kwenye sekunde ya arobaini bomba likaanza kulia, jembamba, bila kukoma.

"Baba mdogo, mkono!" nilifoka. "Umeniharibia!"

Tulimkuta ameegemea mabomba, soksi zake zimejaa vumbi. Moyo, alisema daktari, na akaongeza kwamba akiwahiwa mtu kama yule mara nyingi hupona. Hakujua alikuwa akimwambia nani.

Hodi zile nilizifuta mwenyewe. Kiraka nilikikata kwenye zile sekunde arobaini, alipokuwa bado ameshikilia. Rekodi ikasifiwa sana, hasa kwa usafi wake. Kila nikisikia sifa hiyo naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Mama mdogo, mjane wake, alinipokea sebuleni kwake, sidii ikiwa tayari ndani ya redio. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Hakuita, mwanangu? Hata kidogo?"

"Hakuita."

"Basi hakuteseka." Akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Maana ningejua aliita watu wasimwitikie, nisingepata usingizi tena."

Akabonyeza kitufe. Tulisikiliza. Lilipofika lile pumziko fupi alifumba macho, akatabasamu.

"Hapo," alisema. "Hapo pametulia sana."

Nami nikamwambia ndiyo, pametulia.