Yadi Moja ya Kocha Fitts

Tulishinda. Naanza na hilo, kwa sababu ungetukuta kwenye maegesho ya uwanja Jumamosi ile ungedhani tumefiwa.

"Huyu mtu hana akili!" Cleotis alikuwa anafoka, ubavu wa nguruwe mkononi, mchuzi unamtiririka hadi kwenye kiwiko. "Tunaongoza kwa pointi tatu. Mechi inakaribia kwisha. Tuko upande wetu wa uwanja, jaribio la nne na la mwisho, imebaki yadi moja turuhusiwe kuendelea na mpira. Hata mtoto mchanga anajua hapo unaupiga mpira teke uende zake mbali, wapinzani wakahangaike nao hukohuko. Yeye anafanyaje? Anawaambia vijana waubebe!"

"Na wakaipata hiyo yadi," nikamwambia.

"Chupuchupu, dada Oleta! Chupuchupu! Wangeikosa, mpira ungekuwa wa wale jamaa, na wangekuwa wameshafika mlangoni kwetu."

"Lakini hawakuikosa."

"Hiyo ni bahati, siyo ukocha."

Wote waliozunguka jiko la kuchomea nyama wakaitikia kama wako kanisani. Afukuzwe. Arudishwe alikotoka. Akafundishe chekechea. Ndivyo tulivyo sisi mashabiki wa Kambare, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Tarver: tukifungwa tunamlaumu mwamuzi, tukishinda tunamlaumu kocha. Mimi mwenyewe nimewasema makocha wa Tarver tangu nikiwa binti wa kurusha bendera mbele ya bendi ya chuo, na ni raha ambayo sikuwahi kufikiria kumwachia mtu. Tatizo ni kwamba huyu kocha wa sasa, Lamar Fitts, amemuoa binti yangu.

Na kulikuwa na jambo ambalo Cleotis na tairi zake anazouza pale barabara kuu hakulijua. Asubuhi hiyo Renita, binti yangu, alikuwa amenipigia simu kwa sauti ya chini. Chuo kikubwa huko Ohio kinamtaka Lamar. Mshahara mnono, nyumba juu. Wanataka jibu Jumatatu, kabla jua halijazama.

"Mwenyewe anasemaje?" nikamuuliza.

"Hasemi kitu, Mama. Anasema anataka kwanza kuona kama watu wa hapa bado wanamhitaji."

Ohio! Wajukuu zangu wakakulie kwenye theluji, niwe nawaona kwenye simu kama watangazaji wa habari? Thubutu! Wale watoto wanakula kwangu kila siku wakitoka shule. Ningekufa kwa upweke kabla ya Krismasi, na sisemi kwa kutia chumvi.

Basi nikaamua. Ikiwa mkwe wangu anataka kuona anapendwa, atapendwa, wapende wasipende.

Klabu ya Mashabiki hula pamoja kila Jumatatu mchana kwenye ukumbi wa kanisa, kocha akiwepo, na kila mtu ana haki ya kusimama na kumuuliza lolote. Chakula napika mimi: kambare wa kukaanga na tambi, kama tunavyokula huku kwetu kusini, Delta. Jumapili baada ya ibada nikasimama mlangoni na kuwakamata watu mmojammoja.

"Wewe, kesho ukimtolea kocha neno baya, kambare wangu umsahau."

"Lakini Bi Oleta, lile jaribio la nne..."

"Nimesema."

Cleotis nilimfuata hadi kwenye gari lake. Akacheka, akadhani natania. Aliponitazama usoni akaacha kucheka.

"Dada Oleta, nimemsema kila kocha tangu nina nywele."

"Kesho pumzika."

Jumatatu ukumbi ulijaa. Lamar akaingia, mrefu, suti ya kijivu, macho ya mtu ambaye hajalala. Akaeleza mechi, akasema, "Haya. Maswali."

Kimya. Wewe! Ungesikia mafuta yanavyochemka jikoni. Mtu mmoja akakohoa. Cleotis akasimama taratibu, macho kwenye sahani, akasema, "Hongera, kocha. Kazi nzuri." Akakaa. Watu wakapiga makofi, yale makofi ya adabu ya vidole.

Nilikuwa nachungulia dirishani mwa jikoni, nimejaa furaha tele. Nikajiambia, Oleta, wewe ni jembe.

Kidogo Lamar akaingia jikoni, akaegemea friji.

"Basi, Mama. Yameisha."

"Yameisha nini? Si wamekupongeza?"

"Ndiyo maana yameisha." Alikuwa analegeza tai. "Yule kocha niliyempokea kazi, mimi nilikuwa msaidizi wake, unakumbuka? Miaka yote walimkaba koo. Halafu msimu wake wa mwisho wakaanza kumpigia makofi hivihivi. Hongera kocha, kazi nzuri kocha. Walikuwa wameshachoka naye. Watu wa Tarver wakikunyamazia, ujue wameshakuzika."

 Na alisema kweli! Nilikumbuka yule kocha, nikakumbuka mwenyewe nilivyokuwa nampigia makofi huku nawaza nani atakuja baada yake. Na sasa mimi huyuhuyu, kwa akili zangu zote, nimesimama mlangoni mwa kanisa kumfukuza mkwe wangu mjini.

"Nanywa chai yangu, halafu nawapigia watu wa Ohio," akasema, akatoa simu na kuiweka mezani.

"Usiguse hiyo simu," nikamwambia.

Nikatoka na aproni yangu na kijiko kikubwa mkononi, nikasimama katikati ya ukumbi.

"Kocha Fitts! Njoo hapa! Mimi sijamalizana na wewe!"

Vijiko vyote vikasimama hewani. Lamar akajitokeza mlangoni, kikombe mkononi.

"Jaribio la nne," nikasema, "yadi moja, tunaongoza, uko upande wako mwenyewe wa uwanja. Ni pepo gani lilikuingia? Nilikuwa na glasi ya chai ya barafu, imemwagika yote kwenye mapaja yangu! Ulitaka kuniua?"

Na ukweli ni kwamba nilimaanisha kila neno. Tangu Jumamosi lilikuwa limenikaa kooni. Nikamgeukia Cleotis.

"Na wewe unakodoa macho ya nini? Sema ulichosema juzi!"

"Si ulisema kambare..."

"Utakula sahani mbili! Sema!"

Hakuhitaji kusukumwa tena. Aliruka kitini, "Huo haukuwa ukocha, ilikuwa kamari!" na ukumbi mzima ukalipuka nyuma yake. Mmoja akadai ubebaji wenyewe ulipita upande usiofaa. Mwingine akataka kujua kwa nini tunacheza kizee kipindi cha pili. Mwanamke wa kwaya, mpole kuliko wote, alisimama juu ya kiti akapiga kelele kwamba yeye angeupiga teke ule mpira kwa viatu vyake vya kanisani.

Lamar aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa unafunguka kidogokidogo. Akavuta chupa za pilipili, akazipanga mezani mstari mmoja.

"Hawa ndio vijana wetu watano wa mbele," akasema kwa sauti. "Niliwauliza kama wanaiweza yadi moja. Wakaniangalia kama nimewatusi mama zao. Ninyi mngepiga teke?"

"Ndiyo!" ukumbi ukajibu.

"Basi ndiyo maana mimi ni kocha na wewe Cleotis unauza tairi!"

"Na ungeikosa je?" Cleotis akafoka, furaha tupu usoni.

"Ningeikosa mngenila mzima! Na nawaambieni kabisa, leo, hapahapa: mwakani tukifika jaribio la nne na yadi moja, tunabeba tena!"

Wakamzomea hadi vioo vikatetemeka. Walizomea hivyo kwa muda mrefu, wakigonga meza, wala hakuna aliyelinasa lile neno moja. Mimi nilisikia. Amesema mwakani. Nikarudi jikoni, nikaufunga mlango, nikalia nikiwa nimeshika kijiko changu.