Jani Lililokuja Kutembea

Profesa alikuwa akijikuna. Alianza shingoni, akashuka mgongoni hadi pale mkono usipofika, kisha akaenda kujisugua kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe aliyepata mti.

"Hizi shuka umezifua na nini?" akauliza.

"Na maji," mkewe akajibu. "Na sabuni. Ndivyo shuka zinavyofuliwa."

"Basi hukuzisuuza."

Mkewe hakuinua uso kwenye kikombe chake cha chai. Alikuwa na majina mawili ya kumwita mwanamume huyo. Akiwa radhi naye alimwita mume wangu. Akiwa hana radhi naye alimwita Profesa, na mwaka ule ulikuwa wa Profesa tangu Januari.

"Shuka ni safi, Profesa," akasema.

Yeye mwenyewe chuoni walimwita Bi Penseli. Kazi yake ilikuwa kuchora mimea katika chumba cha mimea mikavu, chumba kirefu chenye makabati ya bati na harufu ya dawa ya nondo, ambamo matawi ya dunia nzima yalilala yamebandikwa juu ya karatasi nene, yamebanwa yakawa bapa kama chapati. Alisoma darasa moja na mumewe na kwenye mitihani akampita, jambo ambalo nyumbani halikutajwa, kwa ajili ya amani. Wenzake wa chumba kile aliwaona watu wa kuhurumiwa. Mti uliokufa waliujua hadi ukoo wake. Mti ulio hai ukiwapiga tawi la uso, waliuomba radhi kwa Kilatini.

Safari hii Profesa alikuwa ametoka porini na mti mpya. Ndivyo alivyosema, na alisema toka mlangoni, kabla ya kuvua viatu.

"Erithrina," alisema. "Mke wangu, nimepata Erithrina iliyovaa."

Hapo inabidi mtu aelezwe. Jenasi ya Erithrina ni ukoo wa miti yenye maringo. Gome lake lina miiba minene kama chuchu za mbwa anayenyonyesha. Majani hukaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, kama ya maharagwe, kwa sababu ni ndugu wa maharagwe, ingawa ukiiona inavyojikweza utadhani haina jamaa yeyote anayepikwa. Kiangazi kikikaza, hupukutisha majani yote ikabaki uchi, kisha hapo hapo, bila haya, huchanua maua mekundu kama ulimi wa mchongezi. Ndege huja kunywa utamu wake na kuondoka na chavua kwenye paji la uso. Nyingi katika ukoo huo huchanua uchi namna hiyo. Sasa Profesa, kwenye bonde moja lenye unyevu, ameuona mti umejaa maua na umejaa majani. Majani laini, yenye manyoya, hayana mwiba hata mmoja. Alikata tawi kwa mkasi wenye mpini mrefu, likamwangukia shingoni, na yeye akalipokea kama mtoto mchanga.

"Shingo ndiyo hiyo unayoikuna?" mkewe aliuliza.

"Shingo naikuna kwa sababu ya shuka."

Bi Penseli angemjibu vizuri zaidi, lakini siku ile alikuwa na sababu ya kumeza maneno. Mtu anayegundua mmea hupewa nafasi ya kuupa jina. Kujipa mwenyewe ni utovu wa adabu, hata wanasayansi wanalijua hilo, kwa hiyo humpa mtu mwingine, na jina hilo hubaki kwenye vitabu wakati mwenyewe ameshakuwa mbolea. Profesa alishagundua mimea miwili katika maisha yake. Wa kwanza alimpa mkuu wa chuo. Wa pili alimpa mkuu wa chuo aliyefuata. Mkewe aliichora yote miwili, mzizi hadi ua, akingoja zamu yake, na sasa mkuu wa chuo wa tatu alikuwa hapatani na Profesa hata kwa salamu.

"Chora vizuri, mama," Profesa alimwambia akimwekea mezani karatasi yenye lile tawi. "Huenda safari hii unajichora mwenyewe."

Basi akachora. Alichora kama msichana anayejipamba. Alichora ua moja moja, lilivyopinda kama ukucha wa tai, na majani matatu matatu yenye manyoya, na ule uzi wa kikonyo ulivyojisokota kwenye tawi, mara mbili, kwa madaha. Akauona kama mkufu. Vidole vilimwasha, akailaumu gundi. Pembeni mwa karatasi palibandikwa bahasha ndogo ya vipande vilivyodondoka, na ndani yake mlikuwa na kipande cha ganda chenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Alikichora kwa kukichungulia tu, hakukitoa, maana kilikuwa hafifu. Chini kwenye kona ya mchoro akaandika jina lake kwa herufi za kukaa kwenye ncha ya sindano, kama wachoraji wafanyavyo. Jina lile jingine, la juu, alikuwa ameshaanza kulisema kimoyomoyo akiwa jikoni, likiwa na mkia wa Kilatini.

Ijumaa akaja wifi.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa Profesa, mwanamke aliyemlea baada ya mama yao kufa, na asiyekubali kwamba alishamaliza kumlea. Alikuwa mjumbe wa bodi ya chuo. Aliingia nyumba za watu kama mkaguzi: alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole, akamtazama mwenye nyumba. Watu wote, hadi mlinzi wa geti, walimwita Mama Bodi.

"Wifi, hujambo. Umepungua," alisema akikaa kwenye kiti cha Bi Penseli. "Au ni nguo imekuwa kubwa?"

"Sijambo, wifi. Ni nguo. Ya kwako iko salama, haina nafasi ya kuwa kubwa."

Profesa akakohoa. Alipokohoa namna ile, mkewe alijua kuna uovu njiani.

"Mke wangu," akasema, "nimefikiri sana. Dada ndiye aliyenifikisha hapa. Na bodi, mwezi ujao, itachagua mkuu wa idara. Kwa hiyo ule mti..."

"Nimekataa mara mbili," Mama Bodi akadakia, akijipepea kwa leso. "Kanibembeleza. Nikasema basi, kama ni kwa manufaa ya sayansi."

"Wewe nitakupa nyasi," Profesa akamwahidi mkewe. "Kuna moja ya kinamasi, haijapata jina."

Bi Penseli alimimina chai. Alimimina bila kumwaga hata tone, na yeyote aliyemjua vyema angetoka nje ya nyumba ile haraka.

Jumatatu alifika kwenye chumba cha mimea mikavu kabla ya wengine, akaivuta ile karatasi, akachukua lenzi. Hakuwa akitafuta ukweli, tusimpambe. Alitaka tu kuuangalia ule mti kwa chuki, kwa kuwa alikuwa ameuangalia siku nyingi mno kwa mapenzi. Na kwa chuki akauona.

Alianza kwenye jani. Akafuata kikonyo kikishuka, kikaingia kwenye ule uzi aliouita mkufu, uzi ukazunguka tawi mara mbili, halafu akatafuta mahali unapoingia kwenye gome. Hauingii. Ulikuwa umepita, umekatwa na mkasi, basi. Kwenye tawi lenyewe, pale penye maua, palikuwa na makovu makavu ya majani yaliyopukutika zamani, kama desturi ya ukoo. Mti ulikuwa uchi kama wenzake wote. Jani lile halikuzaliwa pale; lilikuwa la mmea mwingine, wa kutambaa. Lilikuwa limekuja kutembea.

Akaitazama bahasha ndogo. Akayatazama yale manyoya ya dhahabu. Akavitazama vidole vyake vilivyokuwa vikiwasha tangu wiki iliyopita, akaikumbuka shingo ya mumewe, na shuka.

"Upupu," akasema peke yake, kwa sauti ya chini, kama anayemsalimu jamaa.

Alicheka hadi akakaa. Kisha akaacha, kwa sababu aliuona na mchoro wake. Mkufu ule, alikuwa ameuchora yeye, kila mzunguko, kwa mkono usiokosea. Mkono uliona, macho yalikuwa kwenye arusi ya jina. Kwa muda wa kunywa maji alijidharau sawasawa na alivyowadharau wengine, na hiyo ilikuwa dharau nyingi.

Alimwambia mumewe. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Alimkuta ofisini, mgongo ukisugua kona ya kabati.

"Profesa, hebu njoo utazame kikonyo cha lile jani."

"Kina nini?"

"Njoo utazame. Nikikwambia utasema ni wivu."

"Ni wivu," Profesa akasema. "Mke wangu, naelewa. Umekosa jina, sasa unatafuta kasoro. Wewe chora, sayansi niachie mimi. Na leo usitumie ile sabuni."

"Haya," akasema mkewe. "Nimekuachia."

Siku ya kuutangaza mti, ukumbi wa chuo ulipangwa viti hadi nyuma. Mchoro wa Bi Penseli ulikuzwa ukajaa ukuta mzima. Karatasi yenyewe yenye tawi iliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Mama Bodi alikaa mbele, amevaa nyekundu ili afanane na maua. Kando yake alikaa mgeni wa heshima, mzee mwembamba aliyetumia maisha yake yote kwenye jenasi hiyo moja na ambaye, kwa maoni ya Bi Penseli, alikuwa ameanza kufanana nayo: magoti yenye vinundu, na kipara kilichopukutisha kila kitu.

Profesa alisema. Alisema kwa muda mrefu, akijikuna kwa ncha ya fimbo ya kuonyeshea. Alisema juu ya mti wa kwanza wa aina yake, uliokataa kujivua, mti wenye staha, na akasema staha hiyo imemkumbusha mwanamke mmoja. Mama Bodi akainamisha kichwa kwa staha.

Yule mgeni alikuwa akitazama ukutani. Bi Penseli, aliyesimama mwisho wa ukumbi, alimwona akivaa miwani, akiivua, akiifuta, akiivaa tena. Macho yake yalifuata mkufu mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Dada, njoo umwone wajina wako," Profesa akaita.

Mama Bodi akapanda jukwaani. Akalipapasa tawi kama anayepapasa kitambaa dukani. "Na hii bahasha ina nini?"

"Ganda lako, dada. Halina mfano. Tazama manyoya yake."

Mgeni akainuka nusu. "Bibi, mimi ningekushauri..."

Lakini Mama Bodi hakuwa mtu wa kushauriwa. Aliigeuza bahasha, akajimiminia kiganjani, akapuliza vumbi ili watu wa mbele waone dhahabu, kisha, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na joto, akajifuta shingo kwa kiganja kile kile. Na kifuani, kidogo.

Ilichukua muda wa kupiga makofi na kuyamaliza. Kwanza alijikuna kwa heshima, kwa kidole kimoja. Kisha kwa mkono. Kisha kwa mikono yote, na leso, na ncha ya fimbo aliyomnyang'anya kaka yake. Safu ya mbele, waliopulizwa, wakaanza nao. Hakuna aliyehitaji lenzi wala Kilatini; ukumbi ule wote ulipitia utotoni, na hakuna aliyepita utotoni bila kuwekewa kitu kile kwenye kiti na mtu aliyemwita rafiki.

"Upupu," ikasema sauti ya nyuma, na neno likatembea kiti kwa kiti.

"Tafuteni majivu," mgeni akasema, akijitahidi kuzuia mdomo. "Msugue na majivu makavu. Maji hayafai."

Wakatafuta. Chuo kizima, na maprofesa wake, na maabara zake, hakikuwa na kiganja kimoja cha majivu.

Mzee yule akageukia ukuta. "Nani amechora hii?"

"Mimi," Bi Penseli akasema kutoka mlangoni.

"Ndicho kitu pekee chumbani humu kisicho na kosa. Hata uzi ulivyopita bila kuingia." Akasogea karibu na kona ya chini, akasoma herufi ndogo, akalitamka jina lake lote, kwa sauti, kwenye ukumbi uliojaa watu wanaojikuna.

Mti haukupewa jina, kwa kuwa ulikuwa nalo tangu zamani. Ulikuwa Erithrina ya kawaida tu, yenye mgeni kiunoni. Mama Bodi yeye alipata la kwake bila Kilatini. Kuanzia wiki ile wanafunzi waliokwenda porini walionyana: angalia pale, usipite, pana Mama Bodi.

Profesa alirudi nyumbani jioni, akakaa ukingoni mwa kitanda, shati mkononi. Akaishika shuka, akainusa, akaiachia.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Mkewe alikuwa amechutama nyuma yake na bakuli la majivu ya jiko, akimpaka mgongoni pale mkono wake usipofika, na hakumpaka kwa upole.

"Nilikwambia siku ya kwanza," akasema. "Nilikwambia shuka ni safi."