Wa Kumi na Mbili

Jumatano, tarehe 16 Septemba 1964, saa sita na nusu mchana, msomaji wa redio Daudi Lokombe alisoma majina ya watu kumi na mmoja waliohukumiwa kifo na mahakama ya waasi mjini Kisangani. Aliwasoma kwa namba, kama siku zote. Baada ya wa kumi na mmoja alisema, "Na wa kumi na mbili," kisha akanyamaza. Karatasi ilikuwa na namba kumi na mbili, lakini mbele ya namba hiyo hapakuwa na jina. Mpiga taipu alikuwa ametangulia kupanga namba. Fundi wa mitambo akaweka muziki wa kijeshi.

Sauti ya Daudi ilibaki juu.

Félicité Basosila alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Mangobo, akitwanga ndizi za kupika lituma. Yeye ndiye aliyemfundisha Daudi kusoma, darasa la tatu, miaka kumi na minne iliyopita. Alimfundisha kwamba katika orodha sauti hupanda kidogo kwenye kila jina, ili msikilizaji ajue bado. Kwenye jina la mwisho hushuka, ili ajue basi. Daudi hakuwahi kukosea. Kwa hiyo mji mzima ulijua kwamba bado.

Mumewe, Cyprien, karani wa ofisi ya ardhi, alikuwa ameketi karibu na redio bila shati. Wiki ile makarani wanne walikuwa wameuawa kwa kuwa makarani.

"Haiko mimi," alisema Cyprien.

Félicité alingoja amalize sentensi. Alikuwa amekwisha kuimaliza. Sauti yake nayo ilibaki juu.

Kufikia alasiri ilithibitishwa kwamba hakuna mtu wa mji ule, ng'ambo hii ya mto wala ile, aliyeweza kuishusha sauti mwishoni mwa maneno yake. Ile ya Daudi ilionekana juu ya mlingoti wa redio, pana kama mkeka, yenye rangi ya utando wa uji uliopoa. Watu waliisikia pia kooni, kama kohozi lisilotemeka. Muuza ndizi alitaja bei, mnunuzi akangoja iliyosalia. Katekista alisema amina, waumini wakabaki magotini mpaka miguu ikafa ganzi. Aliyeaga hakuruhusiwa kuondoka, kwa sababu ilisikika kama ana neno.

Saa kumi siku hiyohiyo wale kumi na mmoja walisimamishwa ukutani. Kamanda alisema, "Pigeni." Askari wakaelekeza bunduki na kungoja aendelee. Alisema tena mara nane. Jua lilipopungua, wafungwa walirudishwa gerezani, wakapewa maji.

Alhamisi hakuuawa mtu. Ijumaa hakuuawa mtu. Hilo lilijulikana kila mtaa, na Félicité hakumsikia yeyote akilitaja kwa shukrani. Alichosikia bombani, sokoni na mlangoni kwa jirani ni malalamiko juu ya koo. Mtu hawezi hata kumtukana mke mwenzake, walisema. Tusi linatoka kama ombi.

Alhamisi saa tatu asubuhi askari wawili walikuwa wamemfuata Félicité nyumbani kwa gari. Katika chumba cha redio alimkuta Daudi, amevimba macho, pamoja na kamati ya waasi ya watu watano. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamume mnene aliyevaa ngozi ya chui juu ya koti la suti. Ngozi ilikuwa haijakauka vizuri na ilinuka.

"Bonjour, Madame. Njo wewe ulifundisha huyu?"

"Njo mimi, président."

"Ulimupandisha. Alors, umushushe."

Félicité alieleza kwamba jambo lenyewe ni dogo. Orodha iliyoachwa wazi hufungwa. Aliomba kipaza sauti kizimwe, akamwambia Daudi asome: na wa kumi na mbili, hakuna. Daudi akasoma. Kwenye "hakuna" sauti ikashuka taratibu, hatua mbili, kama alivyofundishwa. Mle chumbani makoo yote matano ya kamati yalifunguka.

"Sawa," alisema mwenyekiti, na ilikuwa sawa.

"Huyu Hakuna anakaa commune gani?" aliuliza mjumbe mmoja, na wenzake wakacheka mpaka mwisho wa kicheko, jambo ambalo lilikuwa halijawezekana tangu jana.

"Madame, umefanya kazi nzuri," mwenyekiti aliendelea. "Lakini redio imeita mutu mbele ya mji muzima. Leo iseme ilikuwa inaita upepo? Mahakama haikosei. Itatafuta mutu."

Mlango ukafunguliwa, na sauti ya nje ikaingia tena kooni mwao.

Siku hiyo kamati iliweka sanduku la mbao mbele ya jengo la redio. Mwenye jina alilete, limeandikwa. Félicité aliamriwa akae ndani na kusoma, kwa kuwa miongoni mwa wajumbe watano wawili tu walijua kusoma na wote wawili walisema wamesahau miwani. Ijumaa mchana mstari wa watu ulizunguka jengo. Walileta vikaratasi vya daftari, vya pakiti za sigara, vya kufungia makayabu, wale samaki wa chumvi. Vingine vilikuwa na mafuta ya mawese, na viwili vilikuwa na magamba ya samaki. Félicité aliutambua mwandiko. Nusu ya mji huo yeye ndiye aliyeshika mikono yao ilipojifunza kuzungusha herufi a. Waliandika majina ya wadai, mashemeji, wapangaji wagumu, mwanamke aliyekataa, mwanamume aliyekataa, mwenye nyumba yenye bati jipya. Sentensi hizo, za maandishi, zilimalizika vizuri. Kwa mazoea alisahihisha makosa mawili kabla ya kugundua anafanya nini. Aliweka kalamu chini, akaendelea kusoma.

Alipotoka jioni, mwanamke mmoja wa mstarini alimshika kitenge.

"Madame, na wewe uko na wako?"

"Niko na kazi, mama."

"Kazi! Sisi wote tuko na kazi. Weka moja, tupumue."

Jumamosi asubuhi vikaratasi vilikuwa mia nne na sita. Mwenyekiti aliwatoa nje wengine, akaweka mezani vikaratasi sita vilivyofungwa kwa uzi.

"Hivi ni vya bwana yako, Cyprien," alisema. Kwa kuwa sauti haikushuka, ilisikika kama anamuuliza kwa heshima. "Mimi sina neno naye. Lakini anayemufuata katika sanduku ana vitatu tu. Andika wewe jina moja, mwalimu. Hivi sita utaenda navyo kwako, uviwashe moto."

Félicité alifikiri kwa muda wa dakika nne hivi. Aliwafikiria wale kumi na mmoja gerezani, ambao wangali hai kwa sababu ya mkeka ule wa sauti, na ambao wangekufa siku utakaposhuka, kwa jina lolote. Kisha akamfikiria Cyprien bila shati. Akaandika: Nassoro Mulenda.

Nassoro Mulenda alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo, mzee aliyewahi kushona sare za shule yake. Alikuwa amefariki kwa homa mwezi wa saba. Félicité alihudhuria mazishi. Aliona amepata jina lisilo na mwili.

Mwenyekiti hakuuliza mtu huyo amefanya nini.

Saa sita na nusu Daudi alisoma, "Na wa kumi na mbili, Nassoro Mulenda." Ilikuwa kazi safi. Sauti ilipanda kwenye jina la kwanza, ikashuka kwenye la pili, ikakaa chini. Mkeka uliokuwa juu ya mlingoti ulianguka uani kwa kishindo kidogo, ukanuka kama maziwa yaliyochacha. Mfagiaji akausukumia kwenye mfereji wa maji machafu. Mji mzima ulitema mate. Sokoni bei zilitajwa zikaisha. Wanawake wawili walitukanana hadi wakaridhika.

Askari walikwenda Kabondo. Wakaambiwa mzee alikwisha kufa, lakini ndoyi wake yupo: yule aliyepewa jina lake lote, Nassoro Mulenda, fundi wa baiskeli, umri wa miaka thelathini na minne. Kwa desturi ya mji ndoyi ni mtu yuleyule. Siku ya mazishi wajane walimwita bwana yetu mbele ya watu wote na kumvika kanzu ya marehemu. Félicité alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Baadaye hakukana kwamba aliliona hilo, wala hakuweza kuthibitisha kwamba alilisahau.

Fundi wa baiskeli alikuwa akiziba mpira.

"Wewe njo Nassoro Mulenda?"

"Njo mimi," alisema, kwa sauti iliyoshuka vizuri.

Saa kumi walisimamishwa ukutani watu kumi na wawili. Kamanda alisema mara moja.

Saa kumi na moja askari alileta nyumbani kwa Félicité nusu gunia la makayabu, salamu za kamati. Vikaratasi sita alivitumia kuwashia jiko. Aliloweka samaki, akamwaga maji ya chumvi, akawachemsha, akawaweka mezani pamoja na lituma. Cyprien alikuwa amevaa shati. Alionja.

"Pilipili iko?" aliuliza, sauti ikipanda mahali pake.

"Iko," alijibu Félicité, akampa.