Maiki ya Kona ya Nyumbani

Chuo kile kilikuwa na majengo mawili yaliyotazamana, katikati uwanja wa mchanga. Jengo moja walisomea watu wa kutayarisha vipindi vya redio na televisheni. Lingine walisomea walimu wa chekechea, na ghorofa ya chini kulikuwa na chekechea yenyewe, watoto wa kweli wenye makamasi ya kweli, ili wanachuo wajifunze kwa mikono yao. Watu wa vipindi waliwaita wenzao "wafuta makamasi." Walimu nao wakawaita wale "wabeba nyaya." Ulikuwa utani tu, na hakuna aliyeuchukia.

Ndugu wawili wa tumbo moja walisoma pale, mmoja huku na mmoja kule. Mkubwa, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu hata kabla hajafuzu, alikuwa wa chekechea. Mdogo wake alisomea sauti, na tangu utotoni jina lake lilikuwa Sikio, kwa kuwa hakuna siri iliyowahi kumpita mlangoni. Walipanga chumba kimoja na kupika sufuria moja, na usiku walihadithiana mafunzo ya mchana.

"Sisi tumeambiwa mtu akianza kusema usizime," Sikio alisema siku moja. "Kipande kizuri huja wakati umeshakata tamaa."

"Sisi tumeambiwa mtoto akizungumza na mwanasesere, sogea karibu na ufunge mdomo wako. Ukisikia zito, lipeleke panapohusika, lisitoke nje ya hapo."

"Basi kazi zetu ni moja."

"Wapi! Wewe unasikiliza ili watu wasikie. Mimi nasikiliza ili wasisikie."

Wakacheka, wakalala.

Siku ya wazazi ilipokaribia, chuo kikaamua wazazi wakae ukumbini, ng'ambo ya uwanja, wawatazame watoto wao kwenye skrini kubwa wakiwa wanacheza bila kujua. Kazi ya sauti akapewa Sikio, na kazi hiyo ndiyo ingempitisha au kumwangusha. Akaja darasani na maiki ndogo kama punje ya mahindi, akazunguka hajui aiweke wapi.

"Weka kona ya nyumbani," Mwalimu akamwambia, akionyesha pembe ya darasa yenye jiko la kuchezea la mbao na kitanda cha mwanasesere. "Huko ndiko wanakoongea kweli."

Akaichukua yeye mwenyewe, akaifunga kwa kitambaa chini ya kitanda cha mwanasesere, akahakikisha haionekani. Alitaka mdogo wake afaulu. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Kulikuwa na mtoto mmoja waliyemwita Njiwa, kwa jinsi alivyotembea bila kishindo. Mama yake alikuwa amekwenda kufanya kazi nchi ya mbali, akamwacha na baba wa kambo, fundi wa friji, mtu wa heshima zake. Fundi huyo alisalimia wakubwa kwa wadogo. Friji ya chekechea ilipokufa na maziwa kuanza kuchacha, alikuja akaitengeneza asidai kitu, na tangu siku hiyo Mwalimu Mkuu alimsifu kila kikao. Njiwa alivaa nguo za mikono mirefu hata jua lilipowaka. Mwalimu alikuwa ameliona hilo. Kila alipotaka kumkunjia mikono ya nguo anawe, mtoto alijikunyata, naye akasema moyoni, taratibu, ataniamini.

Siku yenyewe watoto waliimba, wakapiga makofi, kisha wakaachiwa wacheze. Njiwa akaenda kona ya nyumbani peke yake. Akamketisha mwanasesere. Akachukua kijiko, akakiweka juu ya jiko la mbao, akasubiri kipate moto.

"Umekojoa tena," akamwambia mwanasesere kwa sauti nzito. "Leta mkono. Leta! Usilie, majirani watasikia. Kijiko kikikugusa utakumbuka."

Akamgusa mkononi. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, yake mwenyewe.

"Haya, nyamaza, nakufunika. Ukiulizwa, sema uji ulikumwagikia."

Mwalimu alikuwa amepiga magoti karibu naye, mdomo umefungwa kama alivyofundishwa. Na hapo, kupitia madirisha yaliyo wazi, kikavuka uwanja kicheko cha ukumbi mzima.

Walikuwa wamesikia. Wazazi walicheka kwa mapenzi, kila mmoja akidhani anaona mtoto anayejifanya mama mkali. Mwalimu akatia mkono chini ya kitanda, akaing'oa maiki na kitambaa chake, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kule kwenye mitambo Sikio alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe tangu neno "majirani." Mkufunzi wake alimshika bega. "Usikate! Hiyo ni dhahabu!" Naye hakukata.

Njiwa aliinua kichwa. "Wanacheka nini?"

Mwalimu akamwomba amwonyeshe mkono. Mtoto akauficha nyuma.

Fundi wa friji alifika kabla ya wazazi wengine, tabasamu usoni, na Mwalimu Mkuu ubavuni kwake.

"Nimekuja kumchukua mapema," alisema. "Ana mafua kidogo."

"Naomba abaki," Mwalimu akasema. "Mkuu, tafadhali, tuzungumze kwanza."

"Tuzungumze nini, leo, wageni wamejaa?"

"Mkuu, umesikia aliyoyasema."

"Nimesikia mtoto anacheza na mdoli. Binti yangu, umesoma vitabu viwili tu, usituvunjie watu heshima. Mpe baba mtoto wake."

Fundi akainama, akamshika Njiwa mkono kwa upole ambao mtu yeyote angeusifu. "Tumekusikia wote, mama," akamwambia. "Kwenye spika kubwa. Umetuchekesha kweli."

Njiwa hakulia. Alimtazama Mwalimu mara moja, akatazama kile kitambaa mkononi mwake na waya uliochungulia, kisha akafuata.

Jioni Mwalimu hakugusa chakula.

"Nipe hiyo sauti niipeleke ustawi wa jamii," akasema.

Sikio alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani. "Haipo, dada."

"Haipo vipi?"

"Ilikuwa moja kwa moja. Nilihifadhi nyimbo tu. Ya kona ilipita hewani ikaisha."

"Siku zote unahifadhi hadi mbwa wakibweka! Leo ndiyo ukasahau?"

"Na wewe ndiye uliyeniambia niiweke pale!"

Baadaye Sikio aliinuka akaifunika sahani ya dada yake ili asubuhi aikute, na Mwalimu aliliona hilo.

Ofisi ya ustawi ilikuwa na mwanamke mmoja na viti vitatu, kimoja kibovu. Alimpa Mwalimu kimoja kizima, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini," akasema. "Lakini Mkuu wako ameshanipigia simu, anasema una papara. Nikienda na neno lako peke yake, fundi atanikaribisha chai, nitatoka, na mtoto atabaki naye. Nani mwingine alisikia?"

"Ukumbi mzima."

"Basi niletee mmoja."

Ndugu wale wakaanza kubisha hodi. Mama mmoja alisema hakumbuki. Baba mmoja akasema, "Yule fundi? Aah! Wangu juzi alicheza anamchinja mdogo wake, nifungwe?" Mwingine hakufungua mlango wote, alisema kupitia upenyo: "Jamani, mambo ya nyumba ya mtu." Siku ya pili iliisha hivyo, na Njiwa hakuletwa chekechea.

Walimkuta bibi wa mapacha wa pale chekechea akishona kifungo. Aliwasikiliza bila kuinua macho, akakata uzi kwa meno.

"Nilisikia," akasema. "Na nilicheka, wanangu. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Nilipofika kitandani kicheko kikanigeukia. Mtoto anaweza kubuni kumchapa mdoli. Lakini 'ukiulizwa, sema uji'? Hilo habuni. Hilo amefundishwa."

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Nilingoja aseme aliye na elimu. Na nyinyi mlichelewa kuja." Akasimama, akajitanda kanga. "Twende."

"Bibi, watu watakusema."

"Ndio hao hao watakaonizika, sasa watanipeleka wapi? Nipe mkono, ngazi hizi hazinipendi."

Afisa wa ustawi alikwenda kwa fundi na askari mwanamke, bibi na wale ndugu wakiwafuata nyuma. Fundi alifungua mlango na kuwakaribisha vizuri, akaomba radhi kwa fujo ya vyombo. Njiwa alikuwa kwenye kona ya chumba, ameelekea ukutani. Askari alipomgeuza kwa upole, bibi wa mapacha alisema, "Ee Mola wangu," akakaa chini palepale mlangoni. Mkono ulikuwa na makovu ya zamani, hayo waliyatarajia. Hawakuutarajia mdomo. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba na kuota lengelenge, mviringo, ukubwa wa kijiko cha chai.

"Uji ulimmwagikia," fundi alisema.

Alichukuliwa kwa miguu yake, akitukana sasa, heshima yote imemwishia. Majirani walitoka kutazama. Sikio alisimama nje ya geti, hakuthubutu kuingia.

Mtoto akawekwa kwenye gari la ustawi apelekwe hospitali, kisha kwenye nyumba ya watoto mpaka mama yake apatikane. Afisa alimruhusu Mwalimu amsindikize. Bibi akamfunika miguu kwa kanga yake, akaiacha hapo, akashuka kichwa wazi mbele ya watu wote.

Gari lilipoondoka Mwalimu alisema, "Njiwa, nisamehe."

Mtoto akauliza kwa kunong'ona, midomo isigusane, "Hapa watu wanasikia?"

"Hapana, mwanangu. Hapa hakuna."

Njiwa akainama. Akatazama chini ya kiti upande huu, akatazama upande ule, akapitisha vidole nyuma ya mto wa kiti. Hakukuta kitu. Akajinyoosha, akatazama nje ya dirisha, na mpaka wanafika hospitali hakusema neno lingine.