Kizingiti cha Bibi

Msikiti wetu ulikua kwa kumeza majirani. Kwanza ulimeza duka la fundi saa, ukasimamisha nguzo nene za duara. Kisha kibanda cha kinyozi kikawa mahali pa kutawadhia. Mwisho ikafika zamu ya nyumba ya bibi yangu. Aliitoa wakfu kwa moyo mkunjufu, ila miguu yake haikupewa taarifa.

Siku upande mpya wa wanawake ulipofunguliwa, bibi aliinua mguu juu katikati ya zulia, akavuka kitu ambacho hakipo.

"Bibi, hapo ni tambarare," nilimnong'oneza, uso umenishuka.

"Tambarare kwako wewe! Huu ndio mlango wa jikoni kwangu. Niliwahi kujikwaa hapa na sufuria ya maji ya moto. Sijikwai tena."

Alikivuka kila siku, mwanga wa vioo vya kijani ukimwogesha kutoka kwenye kuba, mpaka na mimi nikawa nasikia harufu ya moshi.

Tulipomzika, sikukanyaga pale kwa muda. Zulia lenyewe nililichukia. Ijumaa moja nikajikaza, nikaketi kando ya nguzo, nikatazama wanawake wakiingia: mshonaji, muuguzi, nyuma yao binti mgeni kabisa. Walipofika pale, kila mmoja aliinua mguu.

Nikamshika mgeni mkono. "Mwanangu, umevuka nini?"

Akanishangaa. "Kwani hapa si pana kizingiti?"